Dawa ya Mchwa

Mche wa kwanza ulipokauka, Ernesta alidhani ni jua. Ulipofuata wa pili, kisha wa tatu, alipiga magoti, akaushika kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu. Ulitoka ardhini bila ubishi, kama unyoya kwa kuku aliyechovywa maji ya moto. Chini hapakuwa na mizizi. Palikuwa na ncha iliyotafunwa, na ndani ya ganda la udongo mwekundu mchwa walikuwa wanahangaika kuukimbia mwanga.

Alibaki magotini. Aliitazama mistari ya miche iliyoteremka hadi mpakani, akahisi kwamba chini ya kila mmoja kulikuwa na midomo inayotafuna, na yeye hana la kufanya.

Shamba lile lilikuwa la kahawa. Eliezeri, mumewe, aliing'oa mibuni kwa mikono yake mwenyewe, amenyamaza kama mtu anayezika, kwa sababu siku hizo kahawa ya milima ya Upare ililipwa kwa ahadi, na ahadi haipikiki. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, na khanga, na betri za redio, na sukari nyeupe. Watu waliozoea kupanga foleni tangu alfajiri sasa walipita mbele ya duka lililojaa, wakatazama, wakaenda zao.

Aliyewaingiza kwenye miti alikuwa Chande, mfanyabiashara wa Same mwenye pikapu. Alimwambia Eliezeri kwamba wenye maduka mapya na nyumba za wageni, Same mpaka Moshi, hawataki tena tawi lililochomekwa kwenye kopo la mchanga. Wanataka mti wa Krismasi mzima, ulionyooka, uliofunga matawi kuanzia chini. "Ipande, itunze," alisema. "Ikisimama vizuri nitaifuata mwenyewe na gari."

Basi wakachukua miche ya saipresi kwa bwana miti wa kata, wakaipanda masika yalipoanza. Ernesta alifuata kila alichoambiwa. Alichana viriba kwa wembe bila kugusa mizizi. Alirudisha kwanza udongo wa juu, ule mweusi, kisha akaushindilia kwa kisigino ili pasibaki hewa. Alipalilia kila mche duara lake. Mvua zilipokatika alifunika udongo kwa majani makavu ili unyevu usipotee, akayasogeza mpaka shinani, kama mama anavyomfunika mtoto shuka mpaka shingoni. Upande wa jua la jioni alichomeka majani ya mgomba yawe kivuli.

Kisha Eliezeri akateremka Ndungu kulima vibarua kwenye mashamba ya mpunga, kwa kuwa miti hailiwi, na nyumbani walihitaji kula. Miche ikabaki mikononi mwa Ernesta. Majirani walikuwa wamekwisha kuwacheka kwa kung'oa kahawa na kupanda pambo. Kama ingekufa yote, asingejua amwambie nini mumewe, wala ajifiche wapi na kicheko hicho.

Alijaribu majivu. Alijaribu maji ya tumbaku na mkojo wa ng'ombe. Mchwa walipumzika kidogo, wakarudi. Ndipo alipokwenda gulioni Gonja, akamkuta kijana aliyetandaza turubai lenye nyembe, dawa za panya, mishumaa na vifuko vya nailoni vyenye unga wa kijivu.

"Hii ndiyo ya mchwa," kijana alisema. "Imetoka ng'ambo ya mpaka. Kijiko kimoja kwenye ndoo, mwagia shinani. Hutawaona tena."

"Haina madhara?"

"Mama, dawa ni dawa. Wewe usiilambe tu."

Alicheka, na Ernesta akacheka naye, ingawa harufu ya ule unga ilikuwa imempanda puani na kumkaa kooni.

Kesho yake aliamka mapema, akamwandaa Lukia, kitinda mimba wake wa darasa la pili, kwenda shule. Mfuko wa dawa hakutaka kuuacha nyumbani. Aliufunga fundo, akausokomeza kiunoni kwenye mkunjo wa khanga, akashika ndoo, akaenda ndiva.

Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo Wapare walilirithi kwa babu zao. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, na asubuhi msimamizi huzibua tundu la chini ili yateremke kwa mfereji kwenda kwa wenye zamu. Asubuhi ile ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Ernesta alichota, akapanda shambani, akakoroga dawa, akaufunga tena mfuko na kuurudisha kiunoni, akamwagia mistari ya juu. Akarudi kuchota tena. Alipoinama kuzamisha ndoo alihisi kitu kikimteleza kiunoni, akasikia tone dogo la sauti, kama chura anapoingia majini.

Ule mfuko ulizama pale pale penye ukuta, kwenye kina. Aliokota kijiti akapapasa, lakini maji yalikuwa meusi na kijiti kifupi. Alichokiwaza wakati ule kilikuwa hasara tu: nusu ya shamba ilikuwa bado. Aliguna, akabeba ndoo yake, akarudi nyumbani.

Alipofika uani alimkuta jogoo wake anazunguka duara.

Shingo ilikuwa imempinda upande. Alipiga hatua, akaanguka kwa bawa moja, akajiinua, akazunguka tena. Mitetea miwili ilikuwa imelala chini ya mstari wa kwanza wa miche, miguu imenyooka. Majani makavu yalikuwa yametawanywa, na pale walipochakura mchwa waliokufa walikuwa wametapakaa kama mchele uliomwagika.

Ernesta hakusogea. Alimtazama jogoo mpaka akatulia.

"Mama, shikamoo."

Evaline, binti yake mkubwa, alikuwa anaingia uani na begi lake begani. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya Walutheri kule Gonja, na siku zake za mapumziko alipanda nyumbani.

"Marahaba," Ernesta alijibu kwa sauti isiyo yake.

Evaline aliwaona kuku. "Umewapa nini?"

"Sikuwapa kitu. Nimemwagia miti dawa ya mchwa, nao wamekula mchwa."

"Dawa gani?"

"Ya unga. Ya gulioni."

"Imeandikwa nini?"

"Haikuandikwa kitu. Ilikuwa kwenye nailoni."

Evaline aliweka begi chini. "Nawa mikono, Mama. Kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Hiyo khanga ivue." Alimmiminia maji ya mtungini mwenyewe, na huku anammiminia alisema, "Mwaka jana walituletea baba mmoja aliyeshika unga wa namna hiyo, akala ugali bila kunawa. Mimi ndiye niliyemshikilia miguu wakati anatetemeka."

"Alipona?"

Evaline aliuweka mtungi chini. "Iliyobaki iko wapi?"

Ernesta alifungua mdomo, na kabla neno halijatoka ilisikika sauti ya mtu upande wa bondeni, ndefu, ikapokewa na ya mwingine mbali zaidi, na ya mwingine tena. Kila mtu wa kijiji kile aliijua sauti hiyo tangu utotoni.

"Maji yanakuja! Maji yanakujaa!"

Ndiva ilikuwa imezibuliwa.

"Mama, iliyobaki iko wapi?"

"Imo humo," Ernesta alisema. "Imeangukia ndiva."

Alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.

Njia ya kutoka kwake kwenda ndiva ilikuwa ya mawe na mizizi. Aliteremka mikono imejaa povu la sabuni bado. Mbele ya macho yake hakuiona njia, aliuona mfereji: nyumba zilizopakana nao upande wa Chini, kitongoji cha bondeni, masufuria yaliyokwisha kutegwa, mbuzi waliofungwa ukingoni, na mwisho wake shule, ambako kila mtoto alitakiwa kuteka maji ya bustani na ya uji. Na pamoja na hayo yote alisikia jambo jingine likimnong'oneza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi kwa kuwa lilimvutia: kwamba hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza.

Mzee Anaeli, msimamizi wa ndiva, alikuwa amesimama matopeni karibu na tundu, jembe mkononi. Wanaume wenye zamu walikuwa wameketi ukingoni, Erasmo miongoni mwao, ambaye mahindi yake yalikuwa yanabeba.

"Baba Anaeli, shikamoo. Naomba uzibe maji."

"Marahaba. Nizibe kwa nini? Zamu imeanza."

"Nimeangusha ndoo yangu humo."

Erasmo alicheka. "Ndoo utaikuta jioni, Mama Evaline. Itakuwa imelala matopeni inakungoja."

Wengine nao wakacheka. Maji yalikuwa yanatoka tunduni kwa mngurumo, rangi ya chai. Ernesta aliyatazama. Alijua mwanamke anayesema neno hilo mbele ya watu hufanywa nini. Bibi yake aliwahi kumsimulia habari ya mtu aliyefukuzwa mlimani kwa tuhuma ya kutia kitu kisimani, nyumba yake ikabomolewa kabla ya jua kuzama.

"Si ndoo," alisema. "Nimeangusha sumu."

Kicheko kilikatika.

"Rudia," Mzee Anaeli alisema.

"Sumu ya mchwa. Ilikuwa kiunoni, ikaniponyoka. Kuku wangu wamekufa kwa kula mchwa tu. Baba, ziba, nakuomba."

Mzee Anaeli hakuuliza zaidi. Alilitupa jembe, akavuta gogo la mgomba lililokuwa kando, akaliingiza tunduni kwa bega lake, na wanaume wakaruka kumsaidia kwa udongo na majani. Evaline alifika anahema. Aliwakataza kuingia majini na akawaambia kila mtu anawe kwa maji ya kijito, yale ya juu, kabla hayajaingia ndiva. Erasmo alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, anapangusa viganja vyake kwenye suruali, tena na tena, na macho hayakumwacha Ernesta.

"Hayo yaliyokwisha kwenda?" mtu mmoja aliuliza.

Ernesta alikuwa ameshika njia ya mfereji.

Mfereji ulikuwa umekauka tangu zamu iliyopita, na maji yanapoingia kwenye mfereji mkavu hayaendi upesi. Udongo unayanywa kwanza. Yanatangulia kama pua ya mnyama, yanasukuma majani na mavi ya mbuzi, yanasimama penye shimo, yanajaza, yanaendelea. Mtu anayekimbia anaweza kuyapita. Ernesta alilijua hilo na alilishikilia kama mtu anavyoshikilia kamba.

Nyumba ya kwanza aliikuta maji yamekwisha kuipita. Ilikuwa ya Veneranda, mjane aliyelima mahindi na maharage chini kidogo. Sufuria ilikuwa jikoni, moto unawaka, na mwanawe Paschal amesimama kando, ameinua kikombe cha bati mdomoni.

"Mwaga," Ernesta alisema.

"Nini?"

"Mwaga hayo maji, Mama Paschal. Yana sumu. Nimeiangusha mimi ndiva."

Veneranda alimtazama kana kwamba amesemeshwa kwa lugha ya mbali. Halafu akageuka, akakipiga kikombe kikaruka kutoka mikononi mwa mtoto, akaumwagia moto sufuria nzima. Mvuke na majivu vikawafunika.

"Amekunywa?" Ernesta aliuliza.

"Ondoka hapa kwangu," Veneranda alisema polepole. "Kawaambie wengine. Mimi na wewe tutaonana."

Akaendelea kukimbia. Kila nyumba alisema maneno yale yale, na kila mara yalimtoka kama anayatapika: usichote, fungua mbuzi, maji yana sumu, nimeiangusha mimi. Wengine walidhani amerukwa na akili. Bibi mmoja alimwomba arudie, naye akarudia huku anarudi kinyumenyume. Upande wake wa kushoto aliyasikia maji kabla hajayaona, yakiteta na mawe, na alipoyapita kwenye kona ya mwisho juu ya shule alithubutu kufikiri kwamba amewahi.

Hakuwa amewahi. Juu kidogo ya kona ile mfereji uligawanyika matawi mawili, na tawi la pili lilikuwa jipya, fupi, lililochimbwa na walimu kwa ajili ya bustani. Maji yalikuwa yamepitia hilo, yakamtangulia shuleni. Watoto walikuwa wamejipanga ukingoni na madumu na makopo, wanacheka, wanarushiana.

Alipiga ukelele. Mwalimu Nicolaus, mwalimu mkuu, alitoka ofisini na chaki mkononi, na alipoelewa, uso ulimbadilika. Alipiga filimbi. Watoto walimwaga vyombo na kurudi nyuma, na mwalimu mwenyewe akachukua jembe akabomoa ukingo ili maji yamwagikie korongoni, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala malisho.

Ernesta alimwona Lukia. Mdomo wa mtoto ulikuwa umelowa, na shati lake kifuani.

"Umekunywa?"

Lukia alikuwa hajawahi kumwona mama yake na sura ile. "Hapana."

Ernesta alimshika mabega. "Sitakuchapa. Niambie tu. Umekunywa?"

"Kidogo," Lukia alisema, akaanza kulia.

Wengine nao wakasema kidogo. Walikuwa wachache, lakini kila mmoja alikuwa na mama, na akina mama walikuwa wanateremka tayari, maana habari kule mlimani haingoji mtu kuvaa viatu. Evaline alifika, akawapanga watoto barazani, akawatazama macho, akawaambia wanyooshe vidole. Hakumwangalia Lukia zaidi ya wengine. Ernesta aliona jinsi alivyojizuia asimwangalie, akaogopa upya.

Waliokunywa walipelekwa hospitali, wengine mgongoni, wengine kwenye baiskeli zilizosukumwa na baba zao. Ernesta alimbeba Lukia mwenyewe. Njia nzima hakuna aliyetembea karibu naye.

Daktari alisema hakuna la kufanya ila kungoja na kutazama, kwa sababu hakuna aliyejua ule unga ulikuwa nini hasa. Kijana wa gulioni alitafutwa. Alikuwa amekwisha kukunja turubai lake na kwenda asikokujua mtu, kama walivyokuwa wakifanya wengi wa namna yake siku hizo.

Basi wakangoja. Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko mwaka. Ernesta alikaa ukingoni mwa kitanda, na kila kitu alichokifanya mtoto kilikuwa dalili. Akikohoa, ilikuwa dalili. Akinyamaza, ilikuwa dalili. Lukia alipolala mguu ulimruka, kama unavyomruka kila mtoto anapoingia usingizini, na Ernesta akasimama wima. Alimwona jogoo anazunguka duara. Alijaribu kusali, na sala yake haikupita maneno mawili: Bwana, huyu. Kisha akaona haya kwa kuwa kulikuwa na watoto wengine wodini, na mama zao walikuwa wanasali pia, huenda dhidi yake.

Jua lilipokuwa linainama Evaline aliingia na gauni limejaa matope.

"Wameipata," alisema kwa sauti ya chini. "Walimwaga maji yote korongoni mpaka mfuko ukaonekana. Fundo lilikuwa bado limefunga."

Ernesta alifunga macho.

"Lakini nailoni ina tundu, Mama. Dogo. Unga wa ndani umelowa. Hatujui kilichotoka ni kiasi gani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tungoje."

Lukia aliamka akasema ana njaa. Aliomba viazi. Watoto wengine nao mmoja mmoja wakaanza kusumbua, kutaka kushuka, kutaka nyumbani. Asubuhi daktari aliwaruhusu wote. Hakuna aliyedhurika, wala ng'ombe, wala mbuzi. Lakini hofu haikuondoka pamoja na ruhusa ya daktari. Kwa muda mrefu baadaye kila aliyeumwa tumbo upande wa Chini alitaja jina la Ernesta, na kila aliposikia kwamba fulani kalala hoi, Ernesta alikaa nyumbani akisubiri hatua za watu mlangoni.

Baraza la kijiji liliketi mbele ya ofisi ya chama. Eliezeri alikuwa amepanda kutoka Ndungu, amechoka, matope ya mpunga bado yamekauka kwenye vifundo vya miguu. Nyumbani hakumfokea. Alikuwa ameuliza tu, "Ulikuwa peke yako?" na alipojibiwa ndiyo, aliinamisha kichwa. Barazani alikaa ubavuni mwake.

Maji ya ndiva nzima yalikuwa yamemwagwa, na ndiva haikuweza kujazwa mpaka tope lake la chini likombwe. Wenye zamu walipoteza zamu zao kipindi kibaya kuliko vyote. Veneranda alisimama akasema mahindi yake yamejikunja, hayatabeba, na yeye hana mume wa kumpeleka vibarua. Hakupaza sauti. Ernesta alitamani apaze.

Erasmo alitaka miti ing'olewe yote siku hiyo hiyo. "Tulikula kahawa, tukaacha," alisema. "Sasa mtu anataka kuwauzia wenye hoteli mapambo, anatuua kwa ajili ya mapambo."

Watu wengi waliguna kukubali. Ernesta alitazama mikono yake mapajani. Aliogopa kung'olewa kwa miti, na wakati huo huo aliogopa ibaki, kwa sababu ikibaki atalazimika kuitazama.

Mzee Anaeli aliongea mwisho. "Angenyamaza, tusingejua," alisema. "Mimi nilikuwa nimekwisha kuzibua. Wajukuu zangu wanasoma shule ile." Alikaa. Hakumtazama Ernesta.

Uamuzi ukawa kwamba nyumba ya Eliezeri itakomba tope la ndiva na kulizika mbali, itasaidia kupalilia mashamba ya waliopoteza zamu, na haitachota ndiva mpaka mvua zinyeshe. Miti ibaki. Chini yake pasipandwe mboga, wala pasilishwe mbuzi.

Walikomba tope wawili peke yao, viganja vimefungwa nailoni, kama Evaline alivyowaagiza. Walipomaliza Eliezeri hakurudi Ndungu. Walipalilia kwa Erasmo, walipalilia kwa Veneranda, ambaye aliwaonyesha mpaka wa shamba kwa kidole akaingia ndani na kufunga mlango.

Miche ilikuwa inaendelea kufa. Bwana miti alipita, akaona majani yaliyorundikwa shinani, akayasogeza kwa mguu. "Hapa umewakaribisha mwenyewe," alisema. "Majani yakigusa shina mchwa wanapata kivuli mpaka mlangoni. Acha uwazi wa kiganja. Mabua makavu yatandaze katikati ya mistari, wale hayo. Na mche wenye kiu ndio wanaoupenda. Usinyunyize kidogo kidogo kila siku. Umwagilie kwa nadra, lakini maji yazame."

"Maji hatuna," Eliezeri alisema. "Ndiva tumekatazwa."

"Basi mtachota mnakojua."

Walichota kijitoni juu msituni, walipanda na kuteremka na ndoo kichwani. Ernesta alisogeza majani kwenye kila shina, na kila alipougusa udongo wa mistari ya juu, ile iliyomwagiwa dawa, alishikilia pumzi. Usiku aliota maji. Mchana alinawa mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Eliezeri alipomwambia apumzike, alijibu, "Nikikaa naanza kusikia ule mwito wa maji."

Vuli ilinyesha mapema mwaka ule. Miche iliyookoka, na haikuwa mingi, ilitoa ncha za kijani kibichi, laini kama ulimi wa ndama.

Siku moja, mawingu yamelala shambani, alimwona Veneranda anapanda njia na panga mkononi. Tangu barazani hawakuwa wamesalimiana. Ernesta aliangalia nyuma yake. Eliezeri alikuwa kanisani na Lukia. Hapakuwa na mtu. Alisimama, jembe limemlegea mikononi, akamngoja, kwa sababu aliona hana haki ya kukimbia.

Veneranda alifika mpakani akasimama.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina."

Alitembea kati ya mistari, akainama kwenye mche mmoja, akautikisa. Haukutoka. Akautikisa mwingine.

"Hii hawaili tena?"

"Wanaila. Kidogo. Tunawawekea mabua."

"Bila dawa?"

"Bila dawa."

"Yule Chande amepita kwangu," Veneranda alisema. "Anasema hata mimi nikipanda atanunua. Nina kile kipande cha mawe ambacho mahindi yanakikataa." Alikata jani la mgomba lililokauka kwa panga, bila sababu, akalitupa. "Mwanangu alikuwa amekwisha kupeleka kikombe mdomoni. Bado nakiona. Sijui kama nitaacha kukiona."

"Hata mimi," Ernesta alisema.

"Sijaja kukusamehe."

"Najua."

"Nimekuja kuuliza shimo linachimbwa kina gani."

Ernesta aliinua mkono, akamwonyesha kwenye kiwiko. Veneranda aliutazama ule mkono na vidole vyake vilivyopasuka, akatikisa kichwa, akaliweka panga chini.

"Nionyeshe," alisema.

Ernesta akapiga magoti kwenye udongo uliolowa, akaanza kuchimba.